Majina Niliyokutajia

Mavumbi, mume wangu,

Umekufa, au umeoa? Maana mimi sijui jambo la tatu linaloweza kumzuia mwanamume asimkumbuke bibi yake mavuno mawili mazima. Ungekuwa umekufa wangeniletea nguo zako. Ungekuwa umeoa ningeamka siku hiyo na kifua kinaniuma kwa wivu. Kumbe uko mzima, unakula wali wa serikali, unavaa nguo nyeupe, na huo mkono unaoandika majina ya watu wote wa dunia umeshindwa kuandika jina langu juu ya karatasi. Barua yako moja imefika. Moja! Mama Zuhura amenisomea mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa fupi. Shikamoo yenyewe umeiweka mwishoni, kama mtu aliyeikumbuka akiwa amekwisha kuvuka kizingiti. Haya, marahaba. Nimeipokea kwa sababu sina mjukuu mwingine wa kunipa iliyo bora.

Anayeandika haya ni huyo huyo Mama Zuhura, mke wa mwenye duka la nguo na chumvi. Unamkumbuka. Baba yake ndiye aliyekufundisha alifu na bee kabla meno yako ya utoto hayajang'oka, kabla Wadachi hawajakutia herufi zao. Mimi sijui hizi wala zile. Nasema, yeye anaandika. Nimemkataza kulainisha. Nikisema neno kali, na aliandike kali.

Sasa sikiliza. Watu wanakuulizia.

Ulipochukuliwa kwenda shule hakuna aliyekuulizia. Jumbe aliambiwa na bomani atoe watoto, akawaficha wapwa zake kwenye mashamba ya mbaazi, akakutoa wewe, yatima usiye na mjomba wa karibu wa kumsemea. Watu walinipa pole siku moja, kesho yake wakaendelea na kilimo chao. Sasa kila ninapopita naulizwa habari zako, tena kwa adabu. Juzi Baba Asha, yule anayetafuta mpira msituni, alinikuta nikipanda mlima na maji. Akanitua mtungi kichwani kwa mikono yake mwenyewe.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.”

“Mume wako anarudi lini?”

“Sijui. Mume wangu haniandikii.”

“Akirudi utuambie. Tunataka kumpokea vizuri.”

Akanitwisha tena mtungi wangu, taratibu, hata tone halikumwagika. Nimewaona chui, Mavumbi. Niliona Wangoni walipokuja kuteka watu, mama yangu akanifunika kwa majani ya kunde. Lakini sijapata kuogopa kitu kama upole wa Baba Asha.

Na wewe huku unaandika kwamba unarudi! Umemaliza masomo ya kazi za serikali, mvua zikikatika utashuka melini Lindi, utapewa siku saba za kuwaamkia ndugu, kisha utakwenda Masasi kuwa karani wa akida. Utavaa kofia nyekundu. Utabeba daftari, utakaa mezani mbele ya watu, utasoma majina. Umeandika kwa furaha mpaka wino umemwagika pembeni. Mama Zuhura alipofika hapo alishusha sauti, akanyanyuka, akaenda kuchungulia mlangoni kama kuna mtu.

Nataka nikukumbushe mambo unayoyajua. Usiseme, bibi amezeeka anarudia. Haya ulikuwa unayajua, ukayasahau siku ile ulipoyahitaji, na mimi siku ile nilijifanya nimeyasahau. Hapo ndipo balaa lilipoingilia.

Ulizaliwa kiangazi, mwaka ambao chemchemi yetu chini ya genge la mlima ilitoa matope. Mama yako alikuona siku tatu tu. Sikuwa na maji ya kukuogesha. Maji yaliyokuwamo ndani ya nyumba yalimwosha yeye, akaenda kaburini safi, nawe nikakufuta kwa majani, na vumbi lote la sakafu likakung'ang'ania mwilini kama unga kwenye samaki. Nikasema, huyu ataitwa Mavumbi. Kifo kikipita hakitainama kuokota mavumbi. Ndivyo tufanyavyo sote huku, mtoto tunampa jina la kutia kinyaa ili apite salama. Yuko Panya, yuko Jalala, yuko Mavi ya Kuku. Siku ya jando jina hilo linabaki huko huko porini. Wanatuambia sisi wanawake kwamba mtoto wetu amekufa, tunalia, tunachoma mkeka wake, na anayetoka ni mtu mwingine mwenye jina la kiume alilopewa na mjomba. Lile la zamani halitamkwi tena. Mtu akilitamka mbele ya mwenyewe ni tusi, akilitamka mbele ya mkwe wa mwenyewe ni damu.

Wewe hukupita huko. Wenzako walipoingizwa jandoni ulikuwa shuleni unajifunza kuhesabu. Najua mlikatwa huko na tabibu wa Wadachi, uliniambia mwenyewe bila haya huku unatafuna mbaazi. Kukatwa si jando. Hata muhogo unakatwa. Kwa hiyo kwa watu wa huku, ndevu zako zote hizo ni ndevu za mtoto, na jina lako hadi leo ni Mavumbi.

Nilikubeba mgongoni kushuka mtelemko ule kila siku, saa za kwenda na saa za kurudi. Unakumbuka? Hukumbuki, ulikuwa mdogo, lakini mgongo wangu unakumbuka. Siku moja tuko katikati ya kupanda, mtungi kichwani, jua la kuchoma, ukanikojolea. Ikashuka mpaka miguuni. Wanawake wakacheka wakakaa chini. Nikawaambia, “Mnacheka nini? Wenzenu sisi maji tunayo mbele na nyuma.” Ulipopata akili ulikuwa unaniuliza swali lile lile njia nzima: “Bibi, kwa nini maji yasikae juu, tulipo sisi?” Nikakujibu kwamba maji hayana adabu, hayamfuati mtu mzima, mtu mzima ndiye huyafuata. Ukasema ukiwa mkubwa utayapandisha.

Basi ukarudi ile mara moja, mavuno mawili yaliyopita. Ulikuwa mrefu, nikashindwa kukushika kichwa. Ulikuja na karatasi zimefungwa kwenye kitambaa, ukaniambia mwalimu wenu amewapa kazi. Kila mwanafunzi aende kwao akaandike wanaume wote wa kijiji, nyumba kwa nyumba, kwa mpangilio. Nikakuuliza, za nini? Macho yako yaling'aa. Ukaniambia, “Bibi, huku ndiko kutawala tunakofundishwa. Serikali haiwezi kumtunza mtu isiyemjua. Wakijua tuko wangapi hapa juu, watatuchimbia kisima.”

Kisima! Mtu wa huku kwetu Newala ukimtajia kisima hata jino bovu linaacha kuuma. Nikaona mtungi wangu umetundikwa ukutani, nikaona ninakaa mlangoni nimenyoosha miguu. Nikakutandikia mkeka uwanjani, asubuhi, ukakaa na kalamu yako, nami nikakaa kando yako nikipepeta mtama. Ukaanza, “Nyumba hii ya kwanza?” Nikakutajia. “Ya pili?” Nikakutajia. Ukaandika yote kwa mwandiko wa kupendeza, umetoa ulimi nje pembeni mwa mdomo kama ulivyokuwa ukifanya ukiwa mdogo.

Nilikutajia majina ya utotoni. Yote. Panya, nyumba ya nne kutoka njia ya msituni. Jalala, ya sita. Majina niliyokuwapo yakitolewa, kwa maana nusu ya wanaume hawa niliwapokea mimi kwa mikono hii. Uliniuliza mara moja tu, “Bibi, ndivyo wanavyoitwa hata sasa?” Nikakwambia, “Andika.” Mavumbi, nilifanya makusudi. Nilitaka maji, sikutaka kuuza watu. Nikasema moyoni, nitawapa Wadachi majina yaliyokwisha kufa. Kisima kikija tutakinywa sisi tulio hai. Jambo baya likija, litawatafuta Panya na Jalala na halitawakuta. Nilijiona nina akili kuliko serikali nzima. Jioni ile nilikuchinjia kuku, ukumbuke.

Kisima hakijaja. Limekuja daftari.

Alikuja akida kutoka Masasi na askari wanne, mtu wa pwani huyo, hajui desturi zetu na wala hakujisumbua kuuliza. Akakalia kiti alichobebewa. Wote tukakusanywa, wanaume huku, wanawake kule, na ilikuwa siku ya arusi, kijiji kimejaa wageni na wakwe. Akafungua daftari akasema wanatakiwa watu wa kulima barabara kutoka Masasi mpaka juu ya genge. Akaanza kusoma.

“Panya!”

Kimya.

“Panya yuko wapi?” Askari mmoja akacheka, akasema, “Bwana akida, labda yumo darini.” Wakacheka wote watano.

“Jalala!”

Wanaume walikuwa wanatazama chini. Mama mkwe wa Baba Asha alikuwa amekaa hatua tatu kutoka nilipokuwa, amejifunika uso kwa kanga. Akida akasoma mpaka chini, jina baada ya jina, mbele ya wake zao, mbele ya wana wao waliokuwa hawajapata kuyasikia, na hakuna aliyeitika. Ungeitika ungekuwa umejitukana mwenyewe. Yeye akadhani ni ukaidi. Na karatasi yako ilikuwa nzuri mno, mume wangu, ulikuwa umeandika mpaka nyumba. Akasimama, akahesabu kutoka njia ya msituni, moja, mbili, tatu, nne.

“Nyumba hii ya nani?”

“Yangu,” akasema Baba Asha.

“Basi wewe ndiye Panya.”

“Hapa hapana Panya.”

Wakamlaza. Hamsa ishirini, mapigo ishirini na matano ya kiboko, mbele ya mama mkwe wake. Alipoinuka hakumtazama mtu. Akida akafunga daftari akasema maneno ambayo bado yanatembea humu vijijini: “Msinifanye mjinga. Majina haya ameyaandika mtoto wenu wenyewe, Mavumbi wa kwa bibi mwenye mitungi. Tena kwa mwandiko safi.”

Nilikuwa nimesimama pale. Neno lilikuwa limefika kwenye meno: niliyesema ni mimi. Nikalimeza. Usiniulize kwa nini. Niliona kiboko, nikaona mgongo wa Baba Asha, nikalimeza. Mama Zuhura amenitazama, ameacha kuandika. Nimemwambia aandike.

Nililitoa baadaye, limeshachacha. Nilikwenda kwenye kikao cha wanaume, mimi mwanamke, nikasimama katikati nikasema, mtoto hana kosa, alitajiwa na mimi. Unajua walifanya nini? Walicheka kwa upole. Mmoja akasema, “Bibi, unaficha mjukuu ndani ya kanga yako. Huyo sasa hatoshei.” Wakanipa kigoda nipumzike kisha wakanisindikiza nyumbani. Tangu siku ile wanawake wananiacha niteke maji wa mwisho, na hakuna anayenitania tena njiani. Tunapanda mlima kimya kama watu wanaotoka mazikoni.

Halafu ndipo akaja mtu wa dawa.

Alitoka kaskazini, ana kibuyu na mkia wa mnyama. Alisema dawa yake ni maji, ukinyweshwa na kunyunyiziwa risasi ya Mdachi inageuka tone. Dawa ya maji, na huku juu hakuna maji! Basi nani aliyatafuta? Tulitumwa sisi. Mtungi wangu ulikuwa wa pili. Aliyapokea, akatia mtama wake, akatia mizizi yake, akaanza kuwanyunyizia wanaume. Nikamwambia, “Baba, maji haya ni ya chemchemi yetu, nimeyateka asubuhi. Yangekuwa yanazuia risasi, mimi niliyeyabeba tangu sijaota matiti ngozi yangu ingekuwa chuma.” Hakuna aliyecheka. Zamani wangeanguka chini kwa kicheko. Kaka yangu, mjomba wa mama yako, akanishika mkono akanitoa nje kama mtoto aliyejisaidia mbele ya wageni.

Hiyo ndiyo hali yetu sasa. Wanaume hawalali na wake zao, dawa imekataza. Hakuna anayekwenda kuuza mpira Lindi. Barabara ya akida imeanza kuota majani na hakuna anayeyang'oa. Mhunzi anafua tangu kuche mpaka jua lizame, na majembe ya nyumba nyingi hayaonekani tena. Nikiuliza jembe langu liko wapi, naambiwa, “Litarudi, bibi.” Mume wa Mama Zuhura anakwenda pwani na barua hii, na watu wake, na vitu vyake vyote vya thamani. Anasema anafuata nguo. Mtu anayefuata nguo habebi milango ya nyumba yake.

Nilikwenda kwa kaka yangu. Nilimkuta ananoa. Nikamwambia, “Niambie ukweli kuhusu mtoto wangu.”

Akaendelea kunoa. Akasema, “Wameapa.”

“Wameapa nini?”

“Kwamba siku itakapofika, wa kwanza ni Mavumbi. Kabla ya akida, kabla ya askari. Wamekunywa maji juu ya neno hilo. Mimi pia nilikuwapo. Dada, kiapo hicho hakitapikwi. Mavumbi akikanyaga hapa, hana njia.”

Nilikaa chini. Nikaangalia mawe ya kunolea, nikaangalia mikono ya kaka yangu, imezeeka kama yangu. Nikamuuliza, “Waliapa kwa jina gani?”

“Mavumbi. Ana jina gani jingine?”

“Basi Mavumbi na afe.”

Akaacha kunoa.

Nikamwambia, “Watoto wote wa huku wanakufa siku moja, tunawalilia, tunachoma mikeka yao. Wa kwangu kwa nini asife? Mmeapa kumuua Mavumbi. Haya, nawapa Mavumbi wenu, mimi niliyemwita hivyo ndiye mwenye haki ya kumtoa. Wewe ni mjomba. Mpe mtu mwingine jina. Huyo atakayekuja mwenye jina lako, nani alimwapia?”

Akacheka, kicheko kile cha utotoni mwetu, cha puani. Akasema, “Ungezaliwa mwanamume, Wadachi wasingevuka Lindi.” Nikamwambia aache upuuzi anijibu. Akanijibu siku ya pili, baada ya kuzungumza na wazee wenzake na kumwaga unga chini ya mti wa msolo, pale tunapotambikia. Wamekubali. Na Baba Asha amekubali, ingawa alikuwa wa mwisho. Wamesema jando lenyewe litafuata, jina litatangulia. Lakini wameweka masharti, na hapa ndipo nataka uache kucheza na kalamu unisikilize kwa masikio yote mawili.

Utasema, basi nisije kabisa. Nimelifikiria hilo kabla yako. Usipokuja mwenyewe utaletwa. Akida atakutanguliza na daftari mkononi, na utasimama uwanjani uanze kusoma, “Panya”. Hapo hata kaka yangu hatakuwa na mdomo. Kwa hiyo njoo ndani ya zile siku saba, kabla hujajionyesha Masasi. Kofia nyekundu iache Lindi. Daftari liache, na kama umetunza nakala ya karatasi zile, ichome, usiitupe, karatasi hutembea. Ukifika Lupaso pita mchana usilale, vijana wa huko wamekunywa dawa na hawamjui kaka yangu.

Usidhani nakukataza kazi yako. Sijui kama bado ipo dunia ambamo kazi hiyo itafanyika, maana ninavyoona majembe yanavyokwisha, mvua zijazo zitaanguka kwenye mashamba yasiyolimwa. Lakini kisima chako bado nakitaka. Wakikuuliza siku moja huko kwenye masomo yako ni nini ulijifunza kwenu, waambie hivi: ukitaka kumtunza mtu, anza kwa kujua anaitwaje, na umwulize mwenyewe, usimwulize bibi yako.

Mkeka wako nimeuchoma. Ule uliolalia utotoni, wenye tundu pale ulipokuwa ukichokoa kwa kidole ukisubiri usingizi. Nilikuwa nimeutunza juu ya dari, sijui kwa nini. Uliungua upesi kuliko nilivyotaka. Wanawake walikuja, wakakaa nami, wakalia kidogo kama inavyotakiwa, na Mama Asha alinishika bega. Hiyo ndiyo mara ya kwanza mtu kunigusa tangu siku ya akida. Nililia kweli. Wao walidhani ni desturi.

Jina jipya siliandiki hapa. Nimeona majina yaliyoandikwa yanafanya nini. Na barua hii itapita mikono mingi. Mama Zuhura anasema hata huko bomani wapo wanaosoma herufi hizi za alifu na bee, akaniomba tuondoe nusu ya maneno. Nimekataa. Jina lako wewe utalijua kwa sikio, kama mtu yeyote mwenye adabu.

Hivi ndivyo utakavyokuja. Usipande kwa njia ya barabara. Zunguka kwa chini, upande wa Ruvuma, mpaka kwenye chemchemi yetu, adhuhuri, wakati wanawake wamekwisha kuteka na kuondoka. Utakuta kata yangu ya kuchotea maji imetundikwa kwenye kijiti. Kunywa. Kaa uangalie maji, usiangalie juu. Nitakuwa kwenye mtelemko, pale uliponikojolea, na nitaita. Ukisikia jina usilopata kulisikia, jina la mtu mzima, hilo ni lako, hakuna mwingine pale. Itika kwa sauti kubwa, watakaokuwa nyuma yangu wasikie, kisha panda uje nikushike kichwa, utainama.

Lakini ukisikia naita Mavumbi, usiitike. Hata kama sauti ni yangu. Hata nikiita kwa kulia, nikasema njoo mume wangu, usigeuze shingo. Ujue kaka yangu ameshindwa, na mimi niko mikononi mwa watu. Jaza kibuyu chako maji, kwa maana njia ni ndefu, urudi Lindi, upande meli, usirudi tena.

Ni mimi bibi yako, mzaa mama yako, niliyekuita Mavumbi hapa kwa mara ya mwisho.